Utepe Badala ya Mizani: Kumkadiria Kuku Chotara kwa Sentimita

Ukisimama sokoni Mgandini, Tanga, au pale Pongwe wachuuzi wanaporudi kutoka vijijini na matenga yao, utaona kuku anavyopimwa kwa mkono. Mchuuzi anakamata mabawa, anamnyanyua kuku mara mbili, anapitisha kidole gumba kwenye kidari, kisha anataja bei. Mfugaji anakataa, wanavutana kidogo, mwisho wanaelewana. Kilo haijatajwa na mtu. Kwa kuku wa kienyeji utaratibu huo haumuumizi mtu sana, maana koo wengi huchezea kilo moja hadi moja na nusu, na ukikosea umekosea padogo. Chotara ndiye aliyevuruga hesabu. Katika banda moja la Muheza unaweza kukuta mitetea iliyoanguliwa siku moja, mmoja ana kilo na robo, mwenzake anakaribia mbili, na wote wamevaa manyoya mekundu yale yale. Anayeuza kwa kichwa anawapa wazito bei ya wepesi, na mchuuzi ambaye mkono wake umezoea anajua aanze kuokota wapi.

Mizani ingemaliza ubishi, lakini mizani haipo kila banda. Hapo ndipo linapoingia swali ambalo watafiti wa mifugo wamelishughulikia kwa miaka mingi, hasa Nigeria: je, utepe wa fundi cherehani unaweza kukuambia uzito wa kuku? Jibu fupi ni ndiyo. Ila watu wengi wanaouliza wanataka wapewe mlinganyo mmoja wa kuandika ukutani bandani, na huo haupo. Upo ule utakaoutengeneza mwenyewe kwa kuku wako. Nitaeleza kwa nini, halafu namna.

Utepe haupimi uzito. Unapima umbo, na umbo linatupa ujazo, na ujazo wa nyama, mifupa na maji haupishani sana na uzito. Mchukulie kuku kama gogo: mzingo wa kifua ni unene wa gogo, kiwiliwili ni urefu wake. Ujazo wa gogo unapatikana kwa kuzidisha mzingo kwa mzingo, mara urefu, kisha kugawa kwa 12.57, ambayo ni pai mara nne. Mtetea mwenye mzingo wa sentimita 30 na kiwiliwili cha sentimita 20 anatoa 18,000 ukigawa kwa 12.57, yaani sentimita za ujazo 1,432 hivi. Angekuwa maji matupu angekuwa na gramu 1,432. Si mbali na mtetea halisi wa ukubwa huo, ingawa humo ndani kuna udanganyifu unaofutana: manyoya yanaongeza mzingo, mifuko ya hewa inapunguza uzito, na kichwa, shingo na miguu havikuhesabiwa kabisa.

Wafugaji wa ng'ombe wanaijua hesabu hii kwa sura nyingine. Kwa ng'ombe, mzingo mara mzingo mara urefu wa mwili, vyote kwa sentimita, hugawanywa kwa karibu 10,840 na kinachopatikana ni kilo. Gogo tupu la maji lingedai kigawanyo cha 12,566. Kigawanyo cha ng'ombe ni kidogo zaidi kwa sababu kinabeba pia vile vilivyo nje ya gogo: kichwa, shingo, miguu. Kwa maneno mengine, namba ile haikushuka kutoka mbinguni. Imetokana na ng'ombe waliopimwa kwa mizani kwanza, na ng'ombe wa umbo tofauti ataidanganya.

Kwenye fomula hiyo mzingo unajizidisha mara mbili, urefu unaingia mara moja tu. Mzingo ukiongezeka kwa asilimia moja, uzito unapanda kwa karibu asilimia mbili. Hii ndiyo sababu kubwa kwa nini katika tafiti nyingi za kuku mzingo wa kifua hujitokeza kuwa kipimo kinachokwenda pamoja na uzito kuliko vingine. Na ndiyo sababu kosa la kuuvuta utepe vibaya linaumiza mara mbili.

Sasa tuutengeneze mlinganyo. Nimetunga namba rahisi ili hesabu ifuatike. Kuku hawa watano hawapo bandani kwa mtu. Mizingo yao ni sentimita 26, 28, 30, 32 na 34. Uzito wao kwenye mizani ni gramu 1,150, 1,250, 1,550, 1,600 na 1,950. Wastani wa mzingo ni 30, wastani wa uzito ni 1,500. Kwa kila kuku tafuta amepungua au amezidi kiasi gani kwenye mzingo, na kiasi gani kwenye uzito, kisha zidisha tofauti hizo mbili. Kuku wa kwanza amepungua sentimita 4 na gramu 350, hivyo anatoa 1,400. Wa pili anatoa 500, wa tatu sifuri, wa nne 200, wa tano 1,800. Jumla ni 3,900. Halafu zichukue tofauti za mzingo peke yake, uzizidishe zenyewe kwa zenyewe na kujumlisha: 16, 4, 0, 4, 16, jumla 40. Gawa 3,900 kwa 40, unapata 97.5.

Hiyo 97.5 ndiyo roho ya mlinganyo. Inasema kwamba katika kundi hili kila sentimita moja ya mzingo inakwenda na gramu 97.5. Kwa mzingo wa wastani, 30, zinatoka 2,925; ili mstari wa mlinganyo upite kwenye wastani wa uzito, 1,500, inabidi kutoa 1,425, hivyo tunaandika: uzito ni mzingo mara 97.5, toa 1,425. Mwenye simu yenye Excel ataipata kwa kugusa mara mbili, lakini ni vizuri kuifanya kwa kalamu walau mara moja, maana aliyeifanya kwa kalamu hashangai inapoanza kusema uongo.

Na itasema. Mpime kifaranga mwenye mzingo wa sentimita 14. Kumi na nne mara 97.5 ni 1,365, toa 1,425, unabaki na hasi 60. Kifaranga wako ana uzito wa gramu sitini chini ya sifuri. Hesabu haina kosa hata moja; kosa ni kuupeleka mstari mahali ambapo haukuzaliwa. Ulitokana na kuku wa mzingo wa 26 hadi 34, na nje ya hapo hauna mamlaka. Uhusiano wa kweli kati ya mzingo na uzito ni mpindo, kama gogo lilivyotuonyesha. Kwenye kipande kifupi mpindo unafanana na mstari ulionyooka, ukienda mbali unaachana nao. Wapo wanaotumia milinganyo ya mpindo iliyo kama ile ya gogo, ambayo haitoi uzito hasi, na kama unataka kufuatilia kuku kutoka kifaranga hadi jogoo ndiyo inayofaa. Kwa anayetaka kuuza mitetea wa umri mmoja, mstari unatosha kabisa.

Tuwarudishe wale watano kwenye mlinganyo wao. Unawapa 1,110, 1,305, 1,500, 1,695 na 1,890. Umekosea kwa gramu 40, 55, 50, 95 na 60, wastani wake ni gramu 60. Hii ndiyo namba ya kuidai kutoka kwa yeyote anayekuletea mlinganyo: unakosea gramu ngapi? Ripoti nyingi hutanguliza namba nyingine, R², inayoeleza ni sehemu gani ya tofauti za uzito ndani ya kundi inaelezwa na kipimo. Kwa kuku wetu ni 0.95, na msomaji anafurahi. Binafsi R² hainifurahishi mpaka nijue kundi lilikuwa la aina gani.

Chukua makundi mawili. La kwanza limechanganya vifaranga, mitetea na majogoo makubwa, uzito umetawanyika kwa kiasi cha gramu 1,000 kuzunguka wastani, na mlinganyo unakosea kwa gramu 150. R² yake inatoka karibu 0.98. La pili ni mitetea wa umri mmoja, wametawanyika kwa gramu 150 tu, na mlinganyo unakosea kwa gramu 75. R² yake ni 0.75. Wa pili unakosea nusu ya wa kwanza, lakini kwenye karatasi unaonekana dhaifu. Kundi likiwa na vifaranga na majogoo pamoja, hata mtoto wa shule atakisia nani mzito. Hakuna ufundi hapo. Ugumu ni kutofautisha mitetea wanaofanana, na hao ndio unaowauza. Kwa hiyo ukiona R² ya juu sana, uliza umri uliochanganywa. Uliza na jinsia pia: jogoo ana misuli na mifupa iliyopangwa tofauti na koo, na mlinganyo wa pamoja hukaa katikati bila kumtendea haki yeyote. Majogoo na mitetea wawe na milinganyo miwili.

Kuna jambo jingine ambalo halina tiba. Makadirio ya mstari huvutwa kuelekea wastani. Francis Galton, Mwingereza, aliliona mwaka 1886 kwenye urefu wa wazazi na watoto wao, na bandani liko vile vile: walio wazito kupita wenzao mara nyingi hukadiriwa chini ya walivyo. Yule jogoo anayejitokeza kuliko wote usimuuze kwa utepe. Mtafutie mizani.

Upimaji wenyewe una vishawishi vyake. Utepe wa kitambaa ukizeeka hurefuka, kwa hiyo ulinganishe kwanza na ule wa chuma wa fundi seremala. Kuku ashikwe na mtu wa pili, utepe upite chini ya mabawa na kuzunguka kifua pale penye kina zaidi, uzame kwenye manyoya kuelekea ngozi bila kumkaba. Kuku anahema, hivyo namba inapanda na kushuka. Soma akishatoa pumzi. Joto la Tanga kuanzia Desemba hadi Machi linamfanya atwete mchana, kwa hiyo pima alfajiri kabla ya chakula, wakati ule mfuko wa chakula shingoni ukiwa mtupu. Na usiidharau mizani unayotengenezea mlinganyo: koo aliyepimwa kabla ya kutaga amebeba yai la gramu 55 hivi ambalo saa moja baadaye halimo. Hizo ni karibu sawa na kosa zima la wastani la mlinganyo wetu.

Kwa urefu wa mwili mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu wapimaji wenyewe hawaelewani. Wengine huanza kwenye ncha ya mdomo hadi mwanzo wa mkia, wengine huanzia kwenye shina la shingo. Ukichukua mlinganyo wa wale ukatumia vipimo vya hawa, umejidanganya kabla hujaanza.

Kipimo kinachopendwa sana baada ya mzingo ni urefu wa mguu wa magamba, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye vidole. Ni rahisi, hauna manyoya ya kusumbua, na watu wawili wakimpima kuku mmoja hupata namba zinazokaribiana. Lakini ujue unachokuambia. Mfupa hukua mapema kuliko nyama, na nyama kabla ya mafuta, na mfupa ukishakua haurudi nyuma. Kuku aliyetoka kuatamia wiki tatu, amekonda hadi kidari kinachoma kidole, mguu wake ni ule ule wa siku alipokuwa amenona. Mguu unakueleza fremu aliyojaliwa, haukuelezi hali yake leo. Ndiyo maana unafaa kuchagua mapora wa kubaki kuwa mbegu, haufai kuuzia. Damu ya Kuchi, yule kuku wa kienyeji mrefu, inalionyesha hili waziwazi: anasimama wima kama askari, miguu mirefu, na mnunuzi mgeni humkisia kilo ambazo hana.

Basi tukichanganya vipimo vyote, mzingo, mguu, bawa, urefu wa kidari, si tutapata zaidi? Tunapata kidogo, si kwa kiasi wengi wanachodhani. Vipimo hivi ni ndugu: kuku mkubwa ana vyote vikubwa. Cha pili kinapoingia huleta habari ambayo cha kwanza kimeshaileta, na hesabu inashindwa kugawa sifa kati yao. Ndipo unapoona kwenye jedwali mguu umepewa alama ya kutoa, kana kwamba mguu mrefu unampunguzia kuku uzito. Kwa sehemu inaweza kuwa kweli: kati ya kuku wawili wenye mzingo mmoja, mwenye mguu mrefu huenda ni yule mwembamba wa umbo la Kuchi. Kwa sehemu ni kelele tu za kundi dogo. Ushauri wangu ni mzingo na kingine kimoja, basi. Hicho kingine si lazima kitoke kwenye utepe. Kidole gumba cha mchuuzi kinapima kitu ambacho utepe haukifikii, yaani nyama iliyojaa pembeni ya mfupa wa kidari, na wafugaji wa kuku wa mayai hukipa alama kutoka 0 kwa aliyekonda hadi 3 kwa aliyejaa. Weka alama hiyo kwenye daftari kando ya mzingo.

Tuje kwenye uchotara wenyewe, maana ndio unaofanya mlinganyo wa jirani usikufae. Neno moja linafunika kuku wengi: Kuroiler aliyetoka India, Sasso wa Ufaransa, jogoo wa kisasa aliyepandishwa kwa koo wa Maramba, Kuchi aliyechanganyika na chochote. Kuroiler na Sasso walijaribiwa vijijini hapa nchini kupitia ACGG, mradi wa kuboresha mbegu za kuku Afrika ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na kila mmoja ana namna yake ya kugawa uzito kati ya kifua, mapaja na mifupa. Mzingo wa sentimita 30 kwa Sasso na kwa chotara wa Kuchi si uzito mmoja.

Kizazi nacho kina mambo yake. Ukipandisha jogoo wa aina moja kwa makoo wa aina nyingine, uzao wa kwanza hutoka ukifanana sana, na mlinganyo unakaa vizuri. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, uzao wa pili unatawanyika: mmoja amevuta kwa babu, mwingine kwa bibi, anazaliwa mwenye miguu mifupi, anazaliwa kishingo, anazaliwa kidimu wa manyoya yaliyopinda. Kishingo peke yake anatosha kuvuruga utepe. Vinasaba vyake humpunguzia manyoya ya mwili mzima kwa kati ya asilimia 20 na 40 hivi, kutegemea amerithi kwa mzazi mmoja au wote wawili, hivyo utepe unakaa karibu zaidi na ngozi kuliko kwa ndugu yake mwenye manyoya kamili. (Kwa joto letu la pwani kishingo ni kuku mzuri, lakini huo ni mjadala mwingine.) Wapime peke yao, au uwaandike pembeni kwenye daftari. Na ukibadilisha mbegu, anza upya.

Kuku watano niliotumia ni wa darasani. Kwa kazi ya kweli pima angalau 30 wa jinsia moja na umri mmoja, wakubwa kwa wadogo, usiwachague wazuri tu. Azima mizani asubuhi moja. Kikundi cha wafugaji kinaweza kununua moja ya kuning'iniza wakaizungusha. Tengeneza mlinganyo kwa 20, halafu uujaribu kwa wale 10 ambao haukuwaona. Kosa utakalolipata kwa hao kumi ndilo kosa lako halisi.

Faida kubwa ya mlinganyo huu haionekani kwa kuku mmoja. Gramu 60 juu au chini kwa mtetea wa kilo moja na nusu ni bahati nasibu. Lakini ukiuza 50, wapo waliokadiriwa juu na wapo waliokadiriwa chini, na makosa yanakulana yenyewe kwa yenyewe. Katika jumla ya kilo 75, mlinganyo uliotengenezwa vizuri kwa kundi hilohilo mara nyingi utakosea kwa chini ya kilo moja. Hilo linakutosha kununulia dawa ya minyoo, kupanga chakula, na kukaa mezani na mnunuzi wa jumla.

Yasiyokulana ni makosa ya upande mmoja. Utepe ukilegea sentimita moja kwa kila kuku, kila mmoja anaongezewa gramu 97.5, na kwa kuku 50 umejipa kilo 4.9 ambazo hazipo. Ni zaidi ya mitetea watatu wa hewa.

Kwa hiyo siku mnunuzi anapokuja Pongwe na mizani yake, utepe ukasema 75 na mizani ikasema 68, usianze na ugomvi. Kilo tano kati ya hizo saba zinaweza kuwa za utepe wako uliolegea; rudia kupima kuku kumi. Hakikisha uzito wa tenga umetolewa mara moja, si mara mbili. Angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Kisha chukua dukani chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zikiwa bado zimefungwa, uzitundike kwenye mizani ile ile. Zinatakiwa kusoma kilo tatu na gramu chache za plastiki. Zikisoma mbili na robo tatu, funga mlango wa banda.